Kitunguu Chini ya Majani ya Mgomba

Nimestaafu mwezi uliopita, na wenzangu wa idara ya maendeleo wameniaga kwa sufuria kubwa yenye mfuniko. Nimewashukuru. Mtu aliyefundisha mapishi tangu ujana wake hana uhaba wa sufuria, lakini ninyi vijana hamkuwa na namna ya kulijua hilo. Mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Vyeo sitavitaja, vilichelewa kuja, na vilipokuja havikubadilisha ladha ya maharage. Nitaandika habari za miaka ya mwanzo tu, kwa sababu baada ya hapo nilikuwa nimeijua kazi, na mtu aliyekwisha kuijua kazi hana vituko vingi vya kusimulia.

Nilianza miaka michache baada ya Uhuru. Mwanamke wa kazi yetu aliitwa bibi maendeleo, hata kama alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili ambaye hajaolewa. Siku ya kwanza ofisini Bukoba nilikabidhiwa baiskeli ya kiume, sanduku la mbao na kitabu cha mafunzo. Ndani ya sanduku mlikuwa na sufuria mbili, kikaango, mwiko, kibao cha kukatia, kisu kimoja kikali na kingine cha kutishia watu tu, maana hakikukata chochote. Nikaambiwa nikawafundishe akina mama lishe bora. Nilipouliza nianzie wapi, mkubwa wangu alifungua kitabu mahali popote, akaweka kidole chake juu ya somo la vitunguu.

Hapa inabidi niungame jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote ofisini. Nilikuwa Mhaya nisiyejua kupika ebitoke, ndizi zetu za kupika. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na baba alikuwa mwalimu Kahororo, tukaishi katika nyumba ya shule na kula chakula cha mpishi wa shule. Nikatoka hapo nikaenda bweni, kisha chuoni, ambako tulifundishwa kupika kwenye majiko ya mkaa yaliyopangwa mstari. Nilijua pilau, nilijua mchuzi, nilijua hata keki. Lakini mkungu wa ndizi ukiwekwa mbele yangu nilikuwa najitia hamnazo, najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Kuhusu vitunguu vyenyewe, aliyenifundisha si chuo. Ni Mama Shirin, mke wa mwenye duka mmoja pale mjini. Familia yake ilitoka India zamani, lakini yeye alizaliwa Bukoba, na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Vitunguu vilikuja kwa meli kutoka Mwanza, na magunia ya chini yalikuwa yamelowa. Siku ya kwanza nilichagua vile vikubwa vyekundu vinavyong'aa. Alinipiga kofi dogo la mkononi, akavirudisha vyote guniani. Akanionyesha nibonyeze kitako, pale penye mizizi, kwa sababu kitunguu huanza kuoza huko kikiwa bado kinakuchekea usoni. Shingo iwe imekauka na kufunga kabisa. Nivisugue viwili sikioni, na ganda lisipotoa sauti ya karatasi kavu, nivirudishe. Chenye mioyo miwili nikile leo leo, kwa sababu katikati pana nafasi na unyevu unaingia. Kilichochipua nikipande. Vidogo vigumu ni vya kuungia, vikubwa vyenye maji ni vya kachumbari, na anayechanganya matumizi hayo asije kulalamika dukani kwake. Somo hilo nimewapa ninyi wote kana kwamba ni langu, na leo nalirudisha kwa mwenyewe.

Basi nikiwa na vitunguu vizuri na ujinga wa kutosha nilipelekwa Muleba, kwenye kijiji kimoja cha ujamaa kilichokuwa kinaanza. Sitakitaja jina kwa sababu watu wake wanajua kusoma. Akina mama kama thelathini walinisubiri katika ghala la kahawa ambalo halikuwa na kahawa. Nikawasha jiko langu, nikamimina mafuta niliyotoka nayo mjini, nikakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia kama kitabu kilivyoagiza, nikaunga maharage yaliyokwisha kuchemshwa. Ghala lote likanukia. Wakaonja kwa ncha za vidole, wakasema ni matamu waitu, neno letu la heshima, kisha wakaniuliza kwa adabu kama naenda kanisani. Sikujua kwamba hiyo ilikuwa namna yao ya kubadilisha mazungumzo.

Mmoja tu ndiye aliyenifuata baada ya somo. Aliitwa Adventina, binti kutoka kijiji cha Kaagya, upande wa Bukoba, aliyeolewa pale mwaka uliotangulia. Mumewe alikuwa mvuvi kisiwani Goziba, anarudi nyumbani mbalamwezi inapojaa na samaki wanapoacha kufuata taa. Siku nyingine zote Adventina aliishi na mama mkwe wake, Ma Paskazia, mjane mwenye kibanja safi cha migomba na maneno machache. Ma Paskazia hakuwahi kuja darasani. Alisema hajawahi kuona kaburi la mtu aliyekufa kwa kukosa kitunguu.

Adventina alitaka kumpikia mama mkwe wake kitu kipya, kitu ambacho hakujifunza kwake. Nilimwelewa, nikampa vitunguu vitatu vya kwangu, tena vile nilivyovichagua kwa sikio. Kosa nililolifanya hapo nimelifanyia toba mara nyingi. Sikumuuliza nyumbani kwao wana vyungu vingapi.

Walikuwa na kimoja. Na mafuta hayakuwepo. Mwaka ule hata duka la kijiji lilikuwa na rafu tu. Kwa hiyo pa kukaangia hapakuwepo, na cha kukaangia hakikuwepo. Adventina hakukata tamaa. Ilipofika siku ambayo Ma Paskazia alitarajia wageni, wazee wa upande wa kijana aliyekuwa anamposa binti yake mdogo, mkamwana alipewa kazi ya kupika. Akachemsha maharage, akapanga ndizi juu yake, na mwisho kabisa akavikata vile vitunguu vitatu na kuvitandaza juu ya ndizi, vibichi. Kisha akafunika chungu kwa majani ya mgomba, akayakandamiza pembeni mvuke usitoke, kama inavyotakiwa.

Kama hujui upishi wa kwetu nitakueleza hatari iliyokuwepo. Chungu kikishafunikwa kwa majani hakifunguliwi mpaka chakula kiive. Huonji, huongezi, hupunguzi. Unachoingiza ndicho utakachokuta. Na kitunguu kibichi kilichofungiwa juu kwenye mvuke hakiivi vizuri wala hakibaki kibichi. Kinatoa harufu yake yote, na harufu hiyo inakaa chini ya majani ikisubiri. Ma Paskazia alipofunua chungu mbele ya wakwe zake watarajiwa, harufu ilitoka kwanza, chakula kikafuata. Mzee mmoja alijifuta machozi. Mwingine akauliza, kwa upole wa kutisha, kama ndizi zilikuwa na tatizo lolote, maana kwa mawazo yake mtu hatii harufu kali ndani ya chakula ila kuna harufu nyingine anayoificha. Wakatafuna buni za kahawa walizopewa, wakaaga, chakula wakakiacha kwenye majani.

Posa haikuvunjika, ila siku ile Ma Paskazia hakulijua hilo. Kesho yake alimwambia mkamwana wake arudi kwao Kaagya akajifunze kupika. Adventina alifunga nguo zake akaondoka.

Habari zilinikuta darasani Jumatano iliyofuata, ambapo kati ya akina mama thelathini walikuja wanne, na watatu kati yao walikuja kunihadithia. Wakanieleza jambo lililonikata maini. Mbalamwezi ilikuwa inajaa baada ya majuma matatu. Mume wa Adventina akirudi kutoka Goziba na kukuta mke amerudishwa, jambo litatoka mikononi mwa wanawake na kuingia kwenye kikao cha ukoo, na huko likishaingia si rahisi lirudi nyuma. Ndoa ya msichana wa watu ilikuwa inataka kuvunjika kwa sababu ya vitunguu vyangu vitatu. Niliona aibu, na niliogopa.

Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Ma Paskazia. Nilipiga magoti mlangoni kama inavyopasa, nikamwambia kosa ni langu, Adventina alifanya nilichomfundisha na mimi ndiye niliyemfundisha vibaya. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuniangalia. Aliniuliza swali moja tu.

"Wewe bibi maendeleo, ebitoke umevipika wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimedanganya ofisi nzima kwa miezi minane bila shida. Lakini mbele ya yule mama ulimi ulikataa. Nikamwambia sijawahi kuvipika.

Aliuweka ungo chini. Akaanza kucheka, kicheko cha taratibu cha mtu aliyenyimwa sababu ya kucheka kwa siku nyingi. Akanipa masharti. Nije kila Jumamosi nimpikie. Siku nitakayopika ndizi zake na maharage yake, ndani ya chungu chake, na kitunguu changu kikiwemo, naye akala akashiba bila kukisikia kinajitaja, siku hiyo atakubali kwamba mkamwana wake hakuwa mpumbavu. Sikumuuliza ikishindikana itakuwaje.

Jumamosi ya kwanza sikufika hata kwenye kitunguu. Nilimenya ndizi kama mtu anayemenya kiazi, nyama nusu ikaenda na ganda, utomvu ukanishika mpaka viwiko. Sikujua kwamba ndizi zilizomenywa huwekwa kwenye maji. Zangu zilikuwa nyeusi kabla ya kuingia chunguni. Majani ya mgomba sikuyababua kwanza motoni yalegee, basi yakapasuka na mvuke wote ukaenda kwa jirani. Ma Paskazia alikula kidogo. Aliniambia kwamba mbuzi wake ana bahati leo.

Jumamosi ya pili nilimenya vizuri. Utomvu haukunishika kwa sababu nilijipaka mikononi samli kidogo niliyokuja nayo, kama alivyonielekeza. Nilikatakata vitunguu vidogo sana nikavichanganya na ndizi katikati, halafu nikafunika. Baada ya muda wasiwasi ulinizidi. Chuoni tulifundishwa kuonja kila mara, hata mtihani ulikuwa na alama za kuonja. Ma Paskazia alipotoka kwenda kibanjani nikainua jani moja kwa vidole viwili, nikachungulia, nikalirudisha. Aliporudi alisimama mlangoni tu, akavuta pumzi puani, akajua. Alinieleza kwamba katika nyumba ile hata marehemu mumewe hakuwahi kuinua jani. Nikala chakula kile peke yangu, na nakiri kilikuwa kigumu upande mmoja.

Ilibaki Jumamosi moja. Siku mbili kabla yake nilipeleka taarifa ofisini Bukoba, na kabla ya kugeuza baiskeli nikaingia dukani kwa Mama Shirin. Nilimsimulia yote, nikitegemea atacheka, lakini hakucheka. Alikuwa na wakamwana wawili nyumbani na aliijua shida ile kutoka upande wa pili. Aliniuliza kitunguu naingiza saa ngapi. Nikamwambia mwishoni, pamoja na ndizi, kwa sababu kitabu kinasema kitunguu ni cha kuungia na kuunga ni mwisho.

"Kitabu kina sufuria mbili," alisema. "Wewe una chungu kimoja. Kwetu dengu zikichemka, kitunguu kimo ndani tangu mwanzo, na hakuna mtoto aliyewahi kukiona kwenye sahani. Kiache kiingie mapema, kisahaulike."

Akanichagulia mwenyewe vitunguu viwili vidogo, vigumu, shingo zimefunga kama mfuko. Miaka michache baadaye familia ile ilihama na duka likabadilika mikono. Hatukuagana, kwa sababu nilikuwa vijijini. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, na nikipita ule mtaa naangalia upande mwingine.

Jumamosi ya tatu nilifika mapema. Niliweka maharage motoni, na yalipoanza kulegea, wakati maji bado ni mengi, nikatia vitunguu vyote viwili nikiwa nimevikata robo robo, pamoja na samli kiasi cha kijiko. Nikaacha vichemke na maharage mpaka maji yakawa mazito na vitunguu vikapotea. Hapo ndipo nilipopanga ndizi juu, nikatia chumvi, nikababua majani, nikafunika na kukandamiza. Halafu nikakaa juu ya mikono yangu. Nawaambia kweli, ilinibidi niikalie.

Ma Paskazia alifunua. Akapakua juu ya jani, akaonja, akaonja tena. Alikula mpaka upande wake wa jani ukabaki mtupu. Kisha akaniuliza kama leo nimesahau kitunguu, au nimeogopa. Nikamwambia kimo, vyote viwili, vimeingia na maharage. Alichovya kidole kwenye mchuzi uliobaki, akakilamba taratibu. Nilimwona usoni kwamba hafikirii tena chakula.

"Mtoto yule alikuwa anataka kunifurahisha," alisema.

Nilidhani atatuma mtu. Mama wa mume hatembei kumfuata mkamwana; desturi inataka upande wa msichana ndio umrudishe, tena kwa maneno ya kuomba. Lakini Jumatatu alfajiri nilimkuta barabarani amevaa kitenge chake cha kanisani, kikapu kichwani, anasubiri lori la kahawa liendalo Bukoba. Akaniambia na mimi nipande, kwa sababu nilikuwa na mdomo wa kusoma na huenda ungehitajika.

Kaagya tulipokelewa kwa heshima iliyopoa. Mama yake Adventina alitandika nyasi mpya sakafuni, akatupa kahawa ya kutafuna, akatuuliza habari za migomba na za mvua, akauliza na za ng'ombe ambao Ma Paskazia hakuwa nao. Adventina alikuja, akapiga magoti, akasalimia kwa sauti ndogo, akarudi chumbani. Ndipo mama yake alipotueleza alichokisema bintiye. Alikuwa amesema hamchukii mama mkwe wake. Alikuwa amesema hawezi kurudi kwenye nyumba ambamo kila siku atakiogopa chungu.

Mdomo wangu wa kusoma nikaupa kahawa ya kutafuna. Mbalamwezi ilikuwa imebakiza siku mbili. Ma Paskazia alitazama mikono yake. Kisha akasimama, akauliza jiko liko wapi.

Mama yake Adventina alishtuka. Mama wa mume akienda kwa wakwe zake hukaa ukumbini, akahudumiwa. Haijapata kuonekana aingie jikoni kwao. Alijaribu kumzuia, lakini Ma Paskazia alikwisha kuchukua kikapu chake. Ndani mlikuwa na maharage yake mwenyewe, aliyoyaloweka tangu jana, na vitunguu viwili. Nilivibonyeza kitako kwa mazoea tu, na nikaona amechagua vizuri. Akaomba ndizi, akapewa. Nilipotaka kumsaidia kumenya alinikazia macho, nikarudi kwenye kigoda.

Alipika peke yake, katika jiko la watu, kwa chungu asichokizoea, na mama wa msichana amesimama mlangoni hajui aweke wapi mikono yake. Vitunguu aliviingiza mapema. Chakula kilipoiva alikipakua kwenye jani, akamwita Adventina, akamketisha, akaketi mbele yake. Yeye mwenyewe hakugusa. Alisubiri, kama mimi nilivyokuwa nikisubiri zile Jumamosi.

Adventina alichukua tonge, akala. Akachukua la pili. Alimtazama mama yake mzazi, akanitazama mimi, hakupata msaada popote. Ma Paskazia akamwambia aseme.

"Mae," alisema Adventina, kama Wahaya tunavyomwita mama, macho chini, "chumvi imepungua."

Mama yake mzazi alishika mdomo. Hakuna mkamwana anayemwambia mama mkwe wake maneno kama hayo, na akiyasema hayasemi akiwa anatafuna. Ma Paskazia alinyoosha mkono, akachukua tonge kutoka upande wa Adventina, akaonja. Ilikuwa kweli. Alikuwa amesahau chumvi kabisa.

"Basi twende nyumbani," alisema, "ukawe unanitilia."

Adventina alimaliza lile tonge, akanawa, akaingia chumbani kufunga nguo zake.